Daftari Lake Bado Liko Kwangu

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 27. Kwetu ni Mpwapwa, kazi iko Dodoma mjini, katika kituo cha afya ambacho sitakitaja. Huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Najua na wewe ulivaa sare hii miaka mingi, ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe kabla ya kwenda kwa mchungaji wangu.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumanne, nilikuwa zamu ya asubuhi, wagonjwa wa nje. Alikuja kijana ambaye nadhani hajafika miaka 25, msafi, mpole, amevaa shati la mikono mirefu na jua lile. Nikampima presha na joto, nikamuuliza anaumwa nini. Akasema tumbo. Nikaandika tumbo kwenye daftari lake. Niliona kwamba anakaa upande kwenye benchi, kama mtu anayekwepa kidonda, lakini foleni ilikuwa ndefu na sikuuliza zaidi.

Alipoingia kwa daktari ndipo aliposema ukweli. Ana maumivu njia ya haja kubwa, anatokwa usaha na damu kidogo, karibu wiki tatu sasa. Nimeyajua haya kwa sababu kituo kizima kiliyajua. Daktari alifungua mlango akaita, "Njooni muone mambo!" Walikwenda watu wanne: wa maabara, wa mapokezi, dada wa usafi, na wa nne ni mimi. Shangazi, na mimi nilikwenda. Nilidhani ni dharura. Nikamkuta kijana amelala ubavu kitandani, suruali imeshushwa, amejifunika uso kwa daftari lake. Mlango wazi. Daktari anamuuliza mbele yetu nani alimfundisha kulala na wanaume, na analipwa shilingi ngapi. Wa mapokezi alicheka. Mwingine akamwambia atubu. Mwishoni akaambiwa akamlete baba yake ndipo atibiwe, la sivyo polisi wataitwa.

Kijana hakujibu kitu. Alivaa, akatoka, bila dawa, bila kipimo. Huko nje kwenye benchi tayari kuna mama alimwita jina ambalo siwezi kuliandika hapa.

Daftari lilibaki kitandani. Nililichukua ili wasiendelee kulisoma, nikalifungia kwenye kabati langu, na bado liko kwangu. Juu yake ameandika jina na namba ya simu.

Kinachoniuma ni kwamba sikusema neno. Hata mlango sikuufunga. Na Dodoma ni ndogo. Kijana yule ana meza ya kutengeneza simu, njia ninayopita nikienda sokoni. Juzi nimemwona amekaa vilevile, upande. Aliponiona akageuza uso.

Nimemdokeza mwenzangu mmoja. Ameniambia niachane naye, kwamba sheria ya nchi imekataza, kwamba ukimtibu mtu wa namna ile unaunga mkono, na kazi naweza kuipoteza. Mimi naimba kwaya, Shangazi. Kanisani kwetu tumefundishwa kuwa ni dhambi, na sitakudanganya kwamba nimebadili mawazo. Lakini silali usingizi.

Nimpigie simu? Namba yenyewe nimeiona kwenye daftari la matibabu, je, si kosa kuitumia? Nikimsaidia nitakuwa nimeshiriki? Na akikubali, nimpeleke wapi, nimwulize nini? Chuoni tulifundishwa kumwambia mgonjwa wa magonjwa ya ngono amlete mke wake. Habari za watu hawa hatukufundishwa.

Muuguzi, Dodoma

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu.

Mpigie. Nimeanza na hilo ili usisome barua yote hii ukiwa roho juu. Mpigie wiki hii hii, maana usaha wa wiki tatu uliomleta kwenu sasa umekuwa wa wiki tano, na mwili wake hautusubiri mimi na wewe tumalize kufikiri.

Angalia kilichotokea siku ile. Watu wanne walimtazama pamoja na daktari, na hakuna hata mmoja aliyempima. Mpaka leo hakuna anayejua anaumwa nini. Inaweza kuwa kisonono au klamidia ya njia ya haja kubwa. Inaweza kuwa kaswende, ambayo kidonda chake cha kwanza mara nyingi hakiumi na hupona chenyewe baada ya wiki chache, mtu akafikiri amepona, kumbe ugonjwa unaendelea kimyakimya na baada ya miaka unaweza kufika kwenye moyo na ubongo. Inaweza kuwa jipu linalotaka kupasuliwa. Na inaweza kuwa bawasiri au mpasuko wa kawaida ulioingia uchafu, kitu ambacho hata mzee wa kanisa anakipata kwa kukosa choo. Daktari alikwishatoa hukumu kabla ya kuvaa glovu.

Kuna swali jingine ambalo hakuna aliyeliuliza, na mimi ndilo linaloninyima usingizi: je, kijana huyu alilazimishwa? Wanaume nao hubakwa. Mtu aliyebakwa akija ndani ya saa 72 anaweza kuanzishiwa dawa za kuzuia VVU, akazimeza siku 28. Yeye alikuwa amechelewa hizo saa, lakini mwenzake wa kesho anaweza kuwahi. Sasa huyo wa kesho, akishasikia mtaani habari za Jumanne ile, atakuja kwenu?

Tunawaambia wagonjwa mficha uchi hazai. Huyu hakuficha. Alianza kwa kusema tumbo, kama wanavyosema wote wenye aibu, kisha mbele ya daktari akajikaza akasema. Ujasiri ule si mdogo. Ukimpigia, jua unaongea na mtu aliyefanya sehemu yake yote.

Sasa habari ya sheria, maana mwenzako amekutisha na sitaki nikufiche. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kipo na ni kizito: kinafika kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30. Ndiyo sababu neno polisi lilitosha kumnyamazisha kijana. Lakini kifungu kile kinahusu kitendo, ambacho polisi hupeleleza na mahakama huthibitisha. Hakisemi mgonjwa asitibiwe. Wala hakikumpa daktari wenu kazi ya upelelezi pale kitandani. Chama cha Madaktari Duniani mwaka 2017 kiliwataka madaktari wasishiriki kabisa kuwakagua watu njia ya haja kubwa kwa lazima ili kutafuta ushahidi wa namna hiyo, kwa sababu ukaguzi ule hauthibitishi lolote na unamdhalilisha mtu. Tunakagua ili tutibu. Tukikagua ili tushangae, hiyo si tiba tena.

Na wewe kazini unaijua tofauti hii vizuri, ila hujaiita jina. Kutoa mimba nchini mwetu ni kosa la jinai. Lakini usiku ule anapoletwa binti kutoka Chang'ombe au Nkuhungu anavuja damu, umewahi kuona muuguzi anasimama mlangoni anamuuliza alikunywa nini na nani alimpa, kabla ya kumwekea dripu? Tunamsafisha, tunampa dawa, tunamshauri, na serikali yenyewe imetufundisha huduma hiyo. Hakuna aliyetuambia kwamba tunaunga mkono utoaji mimba. Mwizi aliyepigwa na wananchi tunamshona. Dereva mlevi aliyeua watu barabara ya Singida tunamfunga mguu wake uliovunjika. Kijana huyu, ambaye hakumwumiza mtu, ndiye tuliyemwambia akamlete baba yake.

Sheria nyingine zipo upande wake na mwenzako hakukutajia. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka siri ya majibu ya kipimo itunzwe, na inakataza unyanyapaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo tume yake makao yake yako hapa hapa Dodoma, inazihesabu taarifa za afya kuwa ni nyeti. Yaliyosemwa kwa sauti mbele ya dada wa usafi yalikuwa taarifa za afya.

Ndiyo maana swali lako la namba ya simu limenifurahisha. Muuguzi anayejiuliza hivyo ana moyo wa kazi. Jibu langu ni hili: namba ile aliiandika ili atibiwe. Ukiitumia ili atibiwe, umeitumia kwa kazi yake. Wenzako wa CTC, kliniki ya dawa za VVU, kila wiki wanawapigia wagonjwa waliopotea kwenye dawa, na hakuna anayeona ajabu. Lakini itumie kwa ajili hiyo tu. Usiihifadhi kwenye simu yako. Usimtumie ujumbe, kwa sababu ujumbe unabaki na simu inashikwa na wengi, hasa simu ya fundi simu.

Ulisema kuhusu imani, na nisingependa nipite juu yake. Sikuombi ubadili unachoamini ili uwe muuguzi mwema. Unachoamini kuhusu dhambi ni kati yako na Mungu wako. Ila najiuliza kwa nini ni mgonjwa huyu peke yake tunayemletea habari ya dhambi kitandani. Yule baba mwenye kisonono cha nje ya ndoa tunampa sindano, na kadi ya kumpelekea mkewe, na tunamwita mzee. Umesema hulali usingizi. Nadhani dhamiri yako ilikwishakujibu hata kabla hujaniandikia, na sioni kwamba imekosea.

Nikupe habari yangu, kwa sababu umekiri kwangu na mimi nikiri kwako. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Miaka michache baadaye walianza kufika na kwetu, wodi niliyokuwa nafanya kazi. Kulikuwa na baba mmoja, dereva wa lori, alilazwa chumba cha mwisho. Tulikuwa tunaweka sahani yake ya ugali sakafuni mlangoni, na mimi nilikuwa naisukuma kwa mguu. Kwa mguu, mwanangu. Nilikuwa na cheti, nilikuwa nimeapa, na nilikuwa nakwenda kanisani. Tulisema maneno hayohayo mliyoyasema ninyi: nani alimtuma, amejitakia, atubu. Alikufa siku ya tisa, na sikuwahi kumsemesha zaidi ya kumuuliza kama amekula.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukione. Watu waliacha kuja. Walijifungia majumbani, wakaja wakiwa wamebakiza siku mbili. Hata dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa kwenye hospitali za serikali mwaka 2004, hawakuja kwa wingi siku hiyohiyo. Walikuja kwanza pale palipokuwa na muuguzi ambaye mtaani alijulikana kwamba hasemi. Dawa ilikuwa ileile kila mahali.

Hata leo ni hivyo. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022/2023 umeonyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wanaoishi na VVU nchini, kama 83 ndio wanaojua hali zao. Wakishajua, karibu wote wanaanza dawa, na walio kwenye dawa wengi virusi vyao vimefubaa. Kwa hiyo tunapowapoteza watu si kwenye vidonge. Tunawapoteza kabla hawajafika dirishani, au dirishani penyewe.

Kwa watu kama kijana huyu milango imepungua sana. Mwaka 2016 Wizara ya Afya ilizuia usambazaji wa vilainishi vya kutumia wakati wa ngono, na Februari 2017 vituo 40 vilivyokuwa vikiwahudumia watu hawa vilizuiwa huduma hizo, kwa madai kwamba vinahamasisha mapenzi ya jinsia moja. Wakati huohuo serikali ilisema huduma zenyewe za VVU zinaendelea katika vituo vya umma, kwa kila mtu. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi iliyokuwa inawalipa waelimishaji rika, wale vijana waliokuwa wanamshika mwenzao mkono mpaka kwenye mlango wa daktari, ikasimama au ikapunguzwa. Ukijumlisha yote hayo, mlango uliobaki ni wa kituo chako, na siku ile ulikuwa wazi wakati ulipaswa kufungwa.

Basi mpigie hivi. Subiri jioni, akishafunga meza. Tumia simu yako, si ya kituo. Akipokea mtu mwingine, sema utapiga baadaye, usitaje kituo. Akipokea yeye, jitambulishe kwamba ni muuguzi, umwambie aliacha daftari lake na wewe umelitunza, tangu siku ile hakuna mtu mwingine aliyelishika. Kisha mwombe radhi. Usiseme "samahani kama ulijisikia vibaya". Sema mlimkosea, na wewe ulikuwepo, na hukufunga mlango. Halafu nyamaza umsikilize. Anaweza kukata simu. Anaweza kukutukana. Anaweza kufikiri ni mtego wa polisi, na kwa aliyopitia hatuwezi kumlaumu. Akikataa, mwambie namba hutaitumia tena bila ruhusa yake na daftari lake yeye ndiye ataamua lifike vipi. Usimpelekee pale mezani kwake ukiwa na sare, na usimkabidhi bodaboda.

Akikubali kutibiwa, usimrudishe kwa daktari yuleyule. Kabla hata hujampigia, mtafute mtoa huduma mmoja unayemwamini, awe wa CTC au wa hospitali kubwa, umweleze bila jina: nina mgonjwa ana usaha njia ya haja kubwa, alidhalilishwa mahali, utampokea? Msikilize anavyojibu. Akianza kuuliza ni nani, ni wa mtaa gani, huyo siye. Waliozoea kazi ya CTC mara nyingi wana ulimi mzito kwa habari za watu, kwa sababu kazi yao imewafundisha. Hospitali kubwa kama General, ile ya mkoa, au ya Benjamin Mkapa ina faida nyingine ambayo fundi simu wa mjini ataipenda, kwamba watu ni wengi na hakuna anayejua nani amekuja kwa lipi. Ila mwache achague. Wengine hujisikia salama zaidi wakipanda basi kwenda mji mwingine, na hilo nalo si kosa.

Kuhusu kumwuliza: neno la kukusaidia ni "mwenzi". Mwulize ana wenzi wangapi, ni wa kiume, wa kike au wote, na ngono hufanyika kwa njia gani, ukieleza kwamba unauliza ili ujue wapi pa kuchukua kipimo. Waulize hivyo wagonjwa wote, hata mama wa watoto sita, na baada ya mwezi mmoja ulimi utazoea. Hapa pana jambo la kitaalamu ambalo wengi hatukufundishwa: kisonono na klamidia vikiwa njia ya haja kubwa mara nyingi havionyeshi dalili yoyote, na kipimo cha mkojo hakivioni. Sampuli lazima itoke pale penye ugonjwa. Usipouliza, utampima mkojo, majibu yatakuja safi, na mgonjwa atarudi nyumbani na ugonjwa wake. Kadi ya mwenzi nayo mpe bila kusema mke. Ukisema "mlete mkeo" atakubali kwa kichwa, na hutamwona tena, wala huyo mwenzi wake.

Kumkagua, funga mlango, vuta pazia, mweleze utafanya nini kabla ya kufanya, mwombe ruhusa, na akisema basi, iwe basi. Apimwe VVU, kaswende na homa ya ini aina ya B, ambayo pia ina chanjo. Akiogopa kupimwa VVU mbele ya mtu, kuna vipimo vya kujipima mwenyewe, sheria iliviruhusu mwaka 2019, ila kikionyesha ana maambukizi lazima majibu yathibitishwe kituoni. Akikutwa hana, mwambie kuhusu dawa kinga ya VVU, kile kidonge cha kila siku, na umsaidie kuuliza CTC kama inapatikana kwa sasa, kwa maana misaada ilipokatika upatikanaji nao uliyumba. Akikutwa nayo, anaanza dawa mapema, na virusi vikifubaa mpaka havionekani kwenye kipimo hataambukiza mwenzi wake kwa ngono. Wengi hawajaambiwa hilo na wanaishi kama wamehukumiwa. Mwulize pia amejitibu na nini hizi wiki tano. Kwa hakika amepita duka la dawa akanunua vidonge vya kukadiria, nusu dozi, na kisonono ni ugonjwa unaojifunza haraka kuzishinda dawa. Na umwambie mafuta ya mgando na ya nazi huharibu kondomu. Hayo ni maneno ya kawaida ya afya, usiyaonee haya.

Huyu umemwona kwa sababu alianguka mbele yako. Wapo usiowaona. Kuna dada anaishi na mwenzake wa kike huko Ipagala au Kikuyu, wanajiita ndugu, na hajawahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake nchini. Kipimo chake, kile cha kupaka siki, ni cha dakika chache. Hakwenda kwa sababu mara ya mwisho aliulizwa mume yuko wapi, mara ya pili akaulizwa kwa nini hazai. Kuna yule ambaye kadi ya bima inasema jina la kiume na mbele yenu amesimama mtu aliyevaa na kujitunza kama msichana, na dirishani jina linaitwa kwa sauti mara tatu, watu wote wanageuka. Iteni kwa jina la ukoo, au kwa namba ya foleni. Halihitaji bajeti kutoka Mtumba kwenye wizara.

Kuhusu daktari. Najua unamwogopa, na kituo ni kidogo. Usiende kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chenu, na habari ya kijana huyu, kwa sababu ukimshtaki daktari, wa kwanza kutafutwa jina atakuwa mgonjwa. Malalamiko rasmi, hata yakifika Baraza la Madaktari Tanganyika, ni ya kijana mwenyewe kuamua, na akitaka, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua watoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Wewe nenda na habari ya mlango. Sema wagonjwa wanakaguliwa mlango ukiwa wazi, wasiohusika wanaingia chumba cha daktari, wagonjwa wanaulizwa matatizo yao dirishani foleni nzima ikisikia. Hayo yanamgusa mama mjamzito, mzee mwenye tezi dume, na kila mtu, na hakuna mfawidhi atakayesema siri za wagonjwa zitoke. Omba pazia la pili na kitasa. Wakikuuliza kwa nini leo, sema umechoka kuona, maana ni kweli.

Na siku ile nyingine itakapokuja, kwa maana itakuja, daktari akiita "njooni muone", wewe ingia kwanza. Sema, "Daktari, nipo, nitakusaidia mimi," kisha funga mlango nyuma yako. Huhitaji kuhutubia mtu. Kushika kitasa tu kutawazuia wale wengine watatu. Nilipokuwa na umri wako nilihitaji mtu wa kuinama aokote ile sahani mbele yangu, nami ningeinama siku iliyofuata. Hakutokea, na sikuwa mimi.

Daftari lifunge kwa gazeti, lisionekane ni la hospitali. Ndani yake ulipoandika tumbo, usifute wala usiongeze kitu, mpe lilivyo. Ukishampigia niandikie, niambie tu kama anatibiwa. Jina lake usinitajie, wala njia unayopita kwenda sokoni usiitaje tena kwa mtu yeyote. Mimi pia hapa nimebadilisha vitu viwili vitatu kwenye barua yako kabla ya kuichapisha, ili asijulikane.

Shangazi